Mashine ya Verlyn

Namba ya injini haionekani.
Naisugua kwa tambara lenye petroli
hadi tarakimu zinachomoza moja moja
kama meno ya mtoto.

Plagi inatoa cheche. Kabureta safi.
Nazungusha gurudumu la juu kwa mkono:
linateleza tu, halina ukaidi,
kompresheni hakuna.
Kijiti cha oili kinatoka kikavu.

Ndani ya kifuniko cha feni, kwa ncha ya msumari,
Verlyn aliandika kila alipobadilisha oili:
Mei tisa. Mei kumi na moja. Mei nane.
Kisha bati tupu, miaka mitatu.

"Sikujua kama inakunywa," Ardis anasema,
na nyasi za Decorah zimemfika magotini.

Jumamosi nafunga injini nyingine, ya mnadani,
shafti inchi moja kamili,
boliti nne, puli ileile, mkanda uleule.
Anataka kifuniko cha zamani kikae juu.
Matundu hayalingani.
Natoboa mawili mapya.

Inagoma, halafu inawaka.
Ardis anapanda, anakata mstari uliopinda.
Mbwa, aliyezoea kile kikohozi,
anaibwekea toka ngazini
kana kwamba ni mgeni
aliyevaa koti la mwenye nyumba.