Tundu la Birere

Ukuta kati ya parsela yetu na ya Sumaili
ni mawe ya volkano, meusi, yenye vitundu,
yaliyoshuka yenyewe mwaka ule wa moto
tukajengea mipaka bila kulipa.

Miaka kumi na minane tumesalimiana juu yake.
Salamu tu. Na chumvi, mara mbili.
Msikitini kwetu tuliambiwa: wale husujudu juu ya jiwe.
Wao waliambiwa nini juu yetu, sikuuliza.

Kisha barabara ya Sake ikafungwa.
Benki zikashusha milango. Makaa yakapanda bei
mara mbili kabla ya adhuhuri,
na kila mtu sokoni alikuwa na binamu
aliyesikia kwa shemeji yake kwamba leo usiku, au kesho,
watu wa mtaa watageukiana.
Nani na nani? niliuliza.
Muuza maharage akainua mabega:
"Watakaoanza watatuambia."

Usiku ule Feruzi wangu hakulala.
Alikuwa anahesabu milango: mmoja.
Mlango mmoja, watoto watano, na mama yake asiyeweza kukimbia.
Alfajiri nikasikia nyundo,
nikadhani ni yetu. Ilikuwa ya upande wa pili.
Jiwe likaangukia uani, kuku wakatawanyika,
na mahali pake pakatokea jicho la Sumaili fundi redio.
"Baba Machozi," akasema, "na mimi nina mlango mmoja."

Feruzi hakujibu. Alikwenda kuchukua mtaimbo.
Walitoboa hadi saa tatu, mmoja huku, mmoja kule,
wakigombania upana:
Sumaili alipima kwa watoto, Feruzi kwa mama yake.
Mama alishinda, kwa mwili.

Ilikuwa Ramadhani, siku ya kumi na moja.
Sisi hufungua jua likizama tu.
Wao hungoja wekundu wa mashariki uishe,
dakika kumi, kumi na tano,
dakika ambazo vijana wetu walizitungia vicheko
na vijana wao, nadhani, walizitungia majibu.
Sasa zikawa zamu.
Sumaili, tumbo tupu, anasimama mlangoni
huku Feruzi anameza tende na kuswali;
kisha Feruzi anatoka akijifuta mdomo,
na Sumaili anaingia kwa uji wa Aziza.
Barabara haikukaa bila jicho hata dakika moja.
Nani angejua kwamba hitilafu yetu
ilikuwa na kazi?

Mtoto wao alileta maji ya ziwa kwa chukudu,
bidoni nane, nne zetu.
Mama mkwe hakuyanywa.
Alisema anangoja mvua.

Risasi zililia usiku wa Ijumaa, upande wa uwanja wa ndege.
Tukamsukuma Mama kupitia tunduni,
mabega kwanza, kisha dua, kisha kiuno,
tukaketi wote kumi na mmoja katika karakana ya Sumaili
kati ya redio zilizopasuliwa matumbo.
Aziza alimpa Mama kikombe gizani.
Alikunywa. Hakuuliza mvua ilinyesha saa ngapi.

Asubuhi, kimya. Sumaili alitandika mkeka,
udongo wake wa kusujudia ulikuwa umekanyagwa na miguu yetu,
ukawa vumbi.
Akatoka uani, akachukua kipande cha ukuta,
akakisugua kwa kiganja, akaweka paji la uso.
Mama alimtazama mpaka salamu ya mwisho.
"Hilo jiwe ni la kwetu," akasema.
"Ndiyo, Mama. Nikulipe?"
Akafikiri kwa muda mrefu.
"Nitengenezee redio."

Sake bado imefungwa. Binamu bado wanasikia.
Sijui watakaoanza ni akina nani,
wala kama watapita kwetu.
Tundu lipo. Nimelitundikia kitenge,
si kwa aibu:
kuku wa Aziza wanakuja kutagia huku,
na mayai tumeanza kugombana.