Vitabu Katika Friza

Kijito cha Hackett kiliporudi mkondoni mwake
kilituachia tope hadi rafu ya nne
na samaki mmoja, mfu, juu ya meza ya watoto.
Wilma Ratliff, mkutubi wetu kwa miaka thelathini na mmoja,
hakulia. Alivaa mabuti ya marehemu mumewe,
akasema: "Riwaya ziacheni, zitanunuliwa tena.
Nileteeni za jimbo."

Za jimbo zilikuwa rafu mbili tu, kando ya choo:
historia ya Virginia Magharibi, jalada la kijani,
kitabu cha vinanda vya mlimani na namna ya kuvichonga,
mapishi ya akina mama wa kanisa la Methodisti
(mkate wa mahindi kurasa saba, kila mmoja akimkosoa mwenzake),
ramani za reli zisizokwenda tena popote,
na orodha ya makaburi ya wilaya nzima, iliyopigwa taipu
na mwalimu ambaye mashine yake haikuwa na herufi R.

Kitabu kilicholowa, alitufundisha, si maiti, ni mgonjwa.
Ukikifungua kwa pupa, umekiua.
Ukikiacha, ikifika Jumamosi
ukungu utakuwa umekisoma chote.
Dawa ni baridi.
Basi tukavifunga kwa karatasi ya nta, kimoja kimoja,
nikavipeleka kwangu, kwenye friza ya ghalani,
nikavilaza kati ya paja la kulungu wa Novemba
na mifuko ya forosadi za mke wangu.
Miezi mitano historia yetu ilikaa kimya na nyama.
Nikienda kuchukua kitoweo, nilibisha hodi kwanza.

Machi tukaanza kuviyeyusha. Feni tatu, kamba za nguo.
Wino wa mihuri ulikuwa umekimbia, zambarau kila mahali,
na zile karatasi za kung'aa, za picha, zilikuwa zimegandamana:
gavana mwenye masharubu na wachimbaji wa zamu ya usiku,
shavu kwa shavu, jambo ambalo hakulifanya akiwa hai.
Wilma akapenyeza kisu cha siagi, taratibu.
Zilipoachana, gavana alikuwa amepoteza jicho
na mchimbaji wa pili kutoka kushoto alikuwa nalo.

Tukaliacha hapo hapo.

Mimi nilikuwa nautafuta ukurasa wa mia mbili na kumi na nne.
Nilionyeshwa nikiwa na miaka tisa:
mlipuko wa Mgodi Namba Sita, waliokufa, majina kwa mpangilio,
kisha mwishoni, kama makombo yaliyofagiliwa pembeni,
Wahungaria watatu. Weusi wanne.
Babu yangu yumo humo, ndani ya neno "watatu".
Miaka arobaini nimefunga boliti kwenye dari za migodi
na kila boliti nililifunga dhidi ya ule mstari.

Nikaufungua. Chapa ilikuwa imefifia
kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili.
Lakini pambizoni, kwa penseli, bila kutetereka
(penseli haina habari na maji, alisema Wilma),
palikuwa na mwandiko nisioujua,
mdogo, umeinama kama mtu apitaye chini ya dari fupi:
Bálint Szarka. Pista Lengyel.
Wa tatu kijana, tukimwita Filimbi.
Na chini yake mkono mwingine, mzito, umekaribia kuitoboa karatasi:
Amos Gaither. Lucius Penn.
Orrin Toomey na mdogo wake Dell.

Nilimtazama Wilma. Wilma aliitazama feni.
"Kuandika ndani ya kitabu cha maktaba," akasema,
"faini yake senti ishirini na tano kwa kila jina."
Nikatoa dola mbili.
Akahesabu kwa kidole kilichojaa tope, akafika sita, akasita.
"Filimbi tutamdai akipata jina."
Akanirudishia senti hamsini,
na penseli.