Herufi Mbili

Ukurasa wa arobaini na moja, Masomo ya Jamii:
"Waogiek waliishi katika Msitu wa Mau.
Walirina asali. Walivaa ngozi za pimbi."
Mistari miwili, picha moja ya mzee asiye na jina,
kisha kitabu kinahamia kilimo cha pareto.

Mariashoni, asubuhi. Ukungu umeingia darasani bila kubisha.
Nilikuwa nimeshafunua ukurasa
Chemeli Sironga aliponyoosha mkono,
sweta yake imechanika kiwikoni.
"Mwalimu, hawa watu walienda wapi?"

Nilidhani ananiuliza.
Baba yake ndiye aliyeniuzia asali Jumamosi,
chupa ya nusu lita,
na nina deni lake la shilingi hamsini.

Nikaandika ubaoni: Waliishi.
Nikafuta herufi mbili kwa kidole gumba,
l, kisha i.

Waishi.

Kwanza kimya. Halafu wakaelewa,
wakanirukia kwa maneno:
Walirina! Futa. Warina.
Walijua! Futa. Wajua
ua lipi likichanua asali hutoka nyeupe,
wajua bonde lipi ni la ukoo upi, tangu mto hadi mianzi,
bila waya, bila hatimiliki.
Vumbi la chaki likanijaa mikononi,
nami nikacheka pamoja nao, nikajiona mwalimu kweli.

Sauti ikatoka dawati la nyuma:
"Walifukuzwa. Futa na hilo."

Nikafuta.

Wafukuzwa.

Hakuna aliyecheka.
Nje, mlinzi wa shule alikuwa anapasua kuni,
tukahesabu mapigo ya shoka bila kukusudia.

Nina neno langu ambalo sikuliandika.
Baba yangu, arap Maritim, alikuja toka Bomet
na kadi yenye muhuri: ekari tano.
Alituambia msitu ule haukuwa na mtu.
Lakini alikuta mizinga juu ya mitarakwa,
na mzinga haujitundiki.
Mitarakwa ile ndiyo nguzo za ua wetu.
Moja ina alama iliyochongwa, mistari mitatu na pembe;
utotoni nilikuwa nikiigusa nikitoka kukamua,
nikidhani ni kovu tu la mti.
Viazi vya shamba lile vilinilipia chuo cha ualimu.
Alipewa, baba. Nasi tulipewa.
Hiyo li nimeisugua usiku mwingi. Haitoki.

Kipyegon, wa upande wetu wa mto,
mtoto aliyeona paja la mjomba wake likichomolewa mshale,
akaja mbele bila kuitwa. Akaandika kwa herufi kubwa:
TULIPATANA.
Akanitazama, kama mtu aliyemaliza hesabu.

"Haya," nikasema, "futa herufi zako mbili."
Akafuta.

TUPATANA.

Neno likachechemea.
Walisoma kwa sauti, wakakunja nyuso;
hata wa mwisho darasani alijua lina kasoro.
Wao, ukiwaondolea li, husimama wenyewe: waishi, warina, wajua.
Sisi hatusimami.
Nikatafuta kanuni ya kuwapa, nikaikosa,
mimi niliyepata A ya Kiswahili.

Chemeli akainuka. Hakumwangalia Kipyegon.
Akachukua chaki, akaifuta A ya mwisho,
na mahali pake akaweka E ndogo, iliyopinda,
haikulingana na zile kubwa.

TUPATANe.

Haikuwa habari tena. Lilikuwa ombi,
na ombi husubiri mtu.
Nilitaka kusema jambo. Kengele ikanitangulia,
madawati yakaburutwa, wakamwagika uani,
wa upande huu wa mto na wa upande ule,
kila kundi na mpira wake wa matambara.

Chemeli alibaki mlangoni.
"Mwalimu, baba ameniambia nikukumbushe
ile hamsini."

Nikafungua kibeti.
Nilikuwa na noti ya mia. Hakuwa na chenji,
akasema atauliza nyumbani.
Ubao sikuufuta.