Mstari wa Tisa

Kisima kisafi kwanza, kichafu mwisho:
ndiyo sheria, Aarne, usiisahau.
Kamba iliyozama kwenye uchafu
haiendi tena kuamkia maji safi.

Kwa hiyo tunaanzia juu, kando ya misonobari.
S-1: bomba la plastiki, upana wa kiganja,
kofia ya chuma, kufuli iliyoganda.
Naipulizia pumzi. Aarne anaimwagia chai ya chupa yake.
Inafunguka kwa chai.

Andika: Kõrvenurme, Novemba, theluji ya kwanza.
Utepe unashuka gizani,
mita moja, mbili, nne,
mpaka unalia piii.
Hapo ndipo maji yalipo leo.

Kisha pampu, polepole,
maana maji ya chini ni kama mtu aliyelala:
ukimwamsha vibaya
atakupa tope badala ya habari.
Tunangoja tarakimu zitulie.
Joto, nyuzi sita.
Oksijeni inashuka, inashuka, imesimama.
Yale yaliyodumaa bombani tumeyatoa;
haya sasa yanatoka kwa ardhi yenyewe.

Glavu mpya. Kichupa kijae
hadi maji yatune mdomoni.
Kifuniko. Geuza kichwa chini, gonga kwa kidole.
Kiputo kimoja, hata kiwe kama kichwa cha sindano,
tunaanza upya:
tunachokitafuta hupenda kutorokea hewani.

S-4, harufu ya mbali.
S-6, Aarne ananitazama.
S-8, chini ya matangi ya uwanja wa zamani wa ndege,
upinde wa mvua unazunguka ndani ya ndoo
na hakuna mvua.
Usiandike "kinanuka vibaya mno", namwambia.
Andika: harufu ya mafuta. Basi.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Sijui habari za maji.
Mafuta waliyoyamwaga wanajeshi wa Kisovieti
wakapanda ndege zao wakaenda,
sisi tunayazoa,
kichupa kwa kichupa,
mara mbili kwa mwaka.

Ng'ambo ya uzio Helju amesimama na koleo la theluji.
"Mwaka ule Rein wangu alichota ndoo,
akawasha kiberiti kwa mzaha.
Maji yakashika moto.
Tulicheka! Tulikuwa vijana.
Kisha tukachemshia viazi maji yaleyale,
hatukuwa na mengine."
Rein yuko wapi, hatuulizi.
Dirishani kwake chupa za maji ya duka
zimejipanga kama majirani.

"Mwakani nimwagilie kabichi, au nisimwagilie?"
Wiki tatu, nasema. Maabara.
"Visima vyenu hivyo. Mimi nauliza changu.
Changu hakimo kwenye ramani."

Kweli hakimo.
Visima vinane, fomu ya mistari minane,
na seti moja ya chupa za akiba
iwapo kitu kitavunjika.
Hakuna kilichovunjika.

Na kikae wapi kwenye foleni, kisima cha Helju?
Mwanzo? Mwisho? Hatukijui.
Nageuka: Aarne amekwisha vua glavu za S-8,
anakata mpira mpya kutoka kwenye bunda.
Sijamwambia lolote.

Mawe, kifuniko cha mbao, mnyororo wenye kutu.
Piii. Mita tatu na nusu.
Tarakimu zinachelewa kutulia.
Helju amebana pumzi,
kana kwamba pumzi yake ingeweza kuponyokea chupani.
Geuza. Gonga.
Hakuna kiputo.

Chini ya mstari wa nane
nachora wa tisa, kwa mgongo wa kisu na penseli.
Jina la kisima?
"Rein," anasema.
Naandika S-9. Halafu, kwa herufi ndogo, Rein.
Tarehe. Saa. Kina. Joto.

Nikifika kwenye safu ya harufu
mkono unasita.
Aarne anatazama viatu vyake.

"Andika tu, mwanangu," anasema Helju.
"Mimi pia nina pua."