Nyanya Hanywi Nyanya

Saa kumi na moja alfajiri, Marikiti,
lori la Mwea linarudi kinyumenyume,
mtu analigonga ubavu kwa kiganja: njoo, njoo, hapo!
Ninachagua zilizopasuka kidogo,
zile ambazo mwenye kibanda cha saladi hazitaki.
Kasoro ya ngozi si kasoro ya maji.

Kaloleni nina meza, blenda, jiko la gesi,
na kibao nilichokuwa nimekiandika kwa chaki:
JUISI YA NYANYA. HUSAFISHA DAMU.
Nyanya Kalondu akalowesha kidole kwa mate,
akafuta mstari wa pili wote.
"Damu yangu husafishwa na mashine,
Jumanne na Ijumaa, muda wa saa nne.
Usidanganye watu."

Basi nikabakiza ninayoyajua.
Kwamba glasi hii karibu yote ni maji.
Ndiyo, mteja, shilingi hamsini zako zanunua maji,
ila yamepanda kutoka udongo mweusi,
yamepita mzizi, yamepita shina, yamekaa juani,
na njiani yameokota vitu.
Vitamini C, ambayo ni mwoga:
ikisikia moto hutoroka.
Na likopini, huo wekundu wenyewe,
mkaidi aliyejifungia ndani ya kuta za tunda,
hatoki vizuri mpaka achemshwe,
na akishatoka, hasafiri bila mafuta.
Ndiyo maana nusu nachemsha, nusu nasaga mbichi,
kisha natia kijiko cha mafuta ya alizeti,
na watu hunitazama kama niliyekosea mlango wa jikoni.

Shikuku wa bodaboda alisema, "Hii ni supu iliyopoa."
Akanywa macho ameyafumba,
kama mtu anayetia sahihi mkopo.
Siku ya tatu alirudi. Hakusema kitu. Alileta kikombe chake.

Chumvi sitii. Ukitaka ya kopo, nenda dukani,
lakini ligeuze kopo usome ubavuni,
pale penye herufi ndogo kama chawa;
huenda umelipia chumvi, nyanya ukaongezewa.

Halafu kuna potasiamu.
Hapa ndipo mkono wangu husita na chaki.
Kwa wengi wetu ni rafiki,
huusaidia moyo kupiga bila papara.
Kwa figo zilizochoka ni mgeni asiyejua kuaga.
Muuguzi Chelagat alimwambia mbele yangu:
ndizi apunguze, parachichi apunguze,
na juisi ya nyanya asiiguse kabisa.
Bibi yangu alicheka hadi kitanda kikalia.
"Miaka thelathini na mmoja nimeuza nyanya.
Wajukuu wananiita nyanya.
Leo nyanya ndiyo itakayonizika?"
Watoto wa ploti wameifanya kitendawili:
Nyanya hanywi nyanya. Tega!

Jumanne niliketi kando yake.
Mirija miwili, mmoja unatoa, mmoja unarudisha,
wekundu ule ule ninaouosha kwenye blenda kila jioni.
Nikawaza: maji, rangi, chumvi za ardhi.
Tofauti ni kipimo tu,
na nani anayepima.

Siku hizi huja mezani na kiti chake cha plastiki.
Hunusa sufuria, haonji.
"Bado." Au, "Sasa epua."
Wala hajawahi kukosea.
Na ile nafasi aliyoifuta kwa mate
tumeijaza, maneno yake, mwandiko wangu:
FIGO ZAKO ZIKIWA NA SHIDA, ULIZA KWANZA.

Leo mama mmoja amesoma, amerudisha glasi mezani.
"Wewe umejuaje mambo haya?"
Nimemwonyesha kwa kidevu:
bibi amesinzia, mdomo wazi,
nyanya moja kiganjani mwake,
na kidole gumba, usingizini,
bado kinaibonyeza kama imeiva.