Tano na Nusu

Mwaka jana kwale walinifukulia karanga mistari minne,
wa tano wakauacha, nadhani kwa adabu.
Nikauza magunia mawili ya zilizosalimika,
nikapanda treni Igalula, nikashuka Tabora mjini
na kibali mfukoni, kimekunjwa mara tatu,
muhuri wake bado unanuka wino.

Duka la Nassoro liko nyuma ya soko,
kati ya muuza nyavu na fundi cherehani.
"Ya mumeo?" akauliza, hajainua uso.
"Ya karanga," nikamjibu.
Hapo akainua.

Akazilaza tatu juu ya meza, kwenye kanga kuukuu,
kama mtu anayelaza watoto wenye homa.
Bunduki za upepo. Sikujua kuwa upepo una bei.
Ya kwanza ndefu, nyeusi, ina majivuno kabla haijalia.
Mdogo wangu Mihayo, niliyekuja naye kubeba mzigo,
akaishika, akawa hataki kuiachia.
"Hii, dada! Hii inaangusha hata ngiri!"
Sina ugomvi na ngiri.
Nikaivunja shingo kuishindilia springi,
mkono ukatetemeka. Nikapiga hesabu:
mara moja naweza, mara kumi siwezi,
na kwale hakungoji uhemee.

Ya pili nyepesi mno, ya kutungulia mapera.

Ya tatu, kitako chake cha mti
kina kovu kama goti la mtoto.
Ilikaa begani
kana kwamba ilitoka kidogo tu, ikarudi.
Nassoro akanimiminia vidonge kiganjani,
vina viuno vyembamba na sketi,
vizito kuliko vinavyoonekana.
"Nne na nusu hukimbia," alisema.
"Tano na nusu hufika. Ndege asitaabike."
Hilo neno la mwisho ndilo lililoniuzia.

Kisha darubini.
Mihayo akataka ile nene, ya kukuza mara kumi na sita,
itakayomwonyesha, alisema, chunusi za mwezi.
Nassoro akatikisa kichwa.
Springi hupiga teke mbele, ikapiga na nyuma;
darubini isiyozoea hupotea macho ndani ya wiki,
halafu wewe unamlaumu kwale.
Chukua ya mara nne. Fupi. Inajua mateke.

Nikaenda nayo mlangoni kuijaribu.
Barabara yote ikanijia usoni:
baiskeli ya mkaa, bango la soda lililopauka,
na katikati ya ule msalaba mwembamba
shingo ya mvulana anayekunywa maji ya mfuko,
koo likipanda, likishuka.

Hapakuwa na kidonge. Hapakuwa hata na bunduki,
darubini tupu mkononi.
Niliishusha kama niliyeokota kaa la moto.
Nassoro aliona. Hakusema kitu.
Akapunguza elfu ishirini.

Nyumbani nikaegesha kopo la nyanya kwenye gogo la mninga,
hatua ishirini na tano, nyuma yake kichuguu,
ili kinachokosa kizikwe hapohapo.
Siku ya kwanza nilipiga kichuguu.
Ya pili, kichuguu.
Mihayo alilipata kopo mara moja, akatamba hadi usiku.
Mimi nikazungusha kile kifundo cha juu,
mlio mmoja, mlio wa pili,
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima.
Wiki ya pili kopo likaanza kuitikia.

Leo alfajiri, mbegu mpya zina siku nne ardhini,
wamerudi. Sita.
Nimelala kifudifudi, umande umepita gauni hadi tumboni.
Watano wamesongamana, nimewaacha.
Wa sita yuko pembeni, nyuma yake udongo mtupu.
Nimetazama mara mbili huo udongo.
Nimevuta pumzi, nikatoa nusu.

Jioni tumemla kwa mchuzi wa karanga.
Mihayo kauliza zimetoka wapi.
Mstari wa tano, nikamwambia.