Ukurasa wa Nne

Daftari hili lilikuwa la madeni.
Ukurasa wa kwanza: Mama Zihindula, vikombe vinne vya sambaza,
hajalipa tangu mvua ile iliyobomoa ngazi zetu huku Kadutu.
Wa pili: chumvi, mafuta, kodi ya meza.
Wa tatu unanuka samaki mpaka leo.
Wa nne niliuandika usiku kwa taa ya simu,
umeme ulikuwa umekwenda zake:

Uvimbe una ukubwa gani?
Uko wapi hasa?
Usipotolewa utanifanya nini?
Kuna njia nyingine?

La mwisho nikalifuta. Nikaliandika tena.

Mimi, Nsimire, sokoni sinyamazi.
Mtu akija na kikombe kilichobonyezwa tako
nakipindua mbele ya watu, nakigonga, namrudishia.
Lakini siku ile ya kwanza, mbele ya koti jeupe,
ulimi wangu ulilala kama sambaza juani.
Daktari akasema: kizazi kitoke, Jumatano.
Nikasema ndiyo.
Akasema: una swali?
Nikasema hapana, asante,
na maswali yakanifuata hadi Nyawera,
yakapanda pikipiki pamoja nami,
yakafika nyumbani, yakanawa mikono, yakala.

Wifi yangu Nankafu: mganga haulizwi,
utamkasirisha, na kisu anacho yeye.
Mume wangu: nitakwenda mimi, nikusikilizie.
Nikamwambia, na mwili ubaki nyumbani?
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.

Nikarudi Jumanne, kabla Jumatano haijanikuta.
Daktari Murhula alilitazama daftari kabla ya kunitazama mimi.
Pua ikamcheza kidogo.
Akaangalia saa. Nilimwona. Nikasoma hivyo hivyo.

Ukubwa? Kama ndimu, akasema,
halafu akafikiri: ndimu mbili.

Uko wapi hasa?
Hapo akachukua biki, akageuza fishi yangu,
upande wa nyuma usio na neno,
akachora kitu kama parachichi lililopinduliwa.
Miaka arobaini na moja nimekibeba,
watoto watatu wamepitia humo,
na hakuna aliyewahi kunionyesha umbo lake.

Usipotolewa?
Damu itazidi kupungua. Akaweka kidole kwenye namba: saba.
Ilipaswa kuwa kumi na mbili.
Saba! Na mlitaka kunipasua kesho na saba yangu?
Muuguzi aliyekuwa akipanga glavu akasahau kupanga.
Daktari akavua miwani.
Hakukasirika. Au alikasirika, akameza.
Tungekuongezea damu, akasema.
Ya nani?
Swali hilo halikuwamo daftarini. Lilikuja lenyewe.

Njia nyingine zipo.
Vidonge vya madini ya chuma, miezi miwili, damu ipande kwanza.
Dawa ya kupunguza hedhi.
Au uvimbe utolewe peke yake, kizazi kibaki;
kazi ndefu zaidi, na huenda ukaota tena.
Akataja na bei, bila kuniangalia.
Nikaandika yote. Niliishia darasa la tano,
mkono wangu huenda polepole kama mtu apandaye kilima na gunia.
Alinisubiri.
Hilo nalo nimeliandika, pembeni: alinisubiri.

Jumatano ilinikuta sokoni.
Kidonge asubuhi, kwa maji ya ndimu, si kwa chai.
Ndimu! Nazikamua nikizichukia.
Bado sijaamua.
Ukurasa wa tano una tarehe ya kurudi
na swali moja ambalo sijui kulimaliza:
kama sitaki tena mtoto, kwa nini nakililia kizazi?

Mama Zihindula akaja kukopa,
akaiona fishi imejitokeza daftarini.
Parachichi gani hilo?
Langu, nikasema. Na hizo ndimu ni zangu.
Akanyamaza. Akapanga upya sambaza ambazo hakuzinunua.
Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:
una karatasi nyingine?

Nikamchania ukurasa.
Si ule wenye deni lake.